Honi za feri sizisikii tena, ila mtoto akikohoa naamka

SWALI: Assalamu alaykum Daktari. Mimi ni mzaliwa wa Voi, nimeolewa Likoni yapata mwaka mmoja sasa. Nyumba yetu iko karibu na kivuko. Siku za mwanzo nilikuwa silali: honi za feri usiku kucha, makanga wakiita abiria kabla ya jua kutoka, bodaboda zikinguruma. Mume wangu akinicheka, akisema nitazoea. Sasa nina mtoto wa miezi mitano, na la ajabu ni kwamba zile honi sizisikii kabisa. Mgeni akilala kwetu, asubuhi akilalamika, mimi namuuliza, "Honi gani?" Lakini mwanangu akikohoa chumba cha pili niko macho kabla hajakohoa tena, na babake hapo kando anakoroma. Adhana ya alfajiri pia naisikia, na msikiti uko mbali kuliko feri. Juzi stima ikapotea usiku, feni ikasimama, nikaamka kwa sababu ya kimya! Mavyaa wangu asema masikio yangu yameanza kufa, niende nikasafishwe. Yeye mwenyewe nikimwita kutoka jikoni hanisikii, lakini hayo tuyaache. Swali langu: ni masikio au ni akili? Na mtu akiwa amelala fofofo, ni nani anayesikiliza? – Mama Rayyan, Likoni

JIBU: Wa alaykum salaam, Mama Rayyan. Nianze na la mavyaa, maana naona ndilo lililokutia wasiwasi. Masikio yako ni mazima, na ushahidi umeuleta wewe mwenyewe. Sikio linalochoka kwa uzee au kwa kelele hupoteza kwanza sauti ndogo na nyembamba, zile nene na kubwa zikabaki hadi mwisho. Mambo yako yako kinyume: kikohozi cha kitoto nyuma ya mlango unakipata, honi ya chombo kinachovusha malori huipati. Kinachochagua hapo ni ubongo, na unachagua hivyo kwa sababu umefunzwa. Hilo ndilo jibu fupi, na ungeweza kumsomea mavyaa likatosha. Lakini umeuliza maswali mazuri kuliko unavyodhani, kwa hivyo nivumilie.

Sikio halina kope. Ukilala unafumba macho, masikio yanabaki wazi. Honi ya saa nane usiku inaingia kama ile ya saa nane mchana: inatikisa ngoma ya sikio, vijifupa vitatu vinaupokezana mtikisiko huo mpaka kwenye koklea, kiungo cha sikio la ndani, na huko seli zenye vinyweleo zinaugeuza kuwa ishara za umeme. Neva inazichukua ishara hizo hadi kwenye shina la ubongo, zinapita kwenye thalamasi katikati ya kichwa, kisha zinafika kwenye gamba la ubongo upande wa juu ya sikio. Lau usiku wa leo ungebandikwa vipimo vya umeme wa ubongo kichwani, tungeiona honi ikiacha alama yake kwenye mchoro. Imefika. Wewe tu ndiye hukuambiwa.

Basi nani aliyeamua usiambiwe?

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, hata wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Ingia Marikiti upande wa samaki, pale wanapouza papa mkavu. Harufu inakupiga usoni. Kaa hapo ukipatana bei, baada ya dakika chache huisikii tena, na anayeuza nadhani hata hakumbuki kwamba papa ananuka. Pale, sehemu kubwa ya mambo inafanyika puani: vipokezi vya harufu vikiguswa mfululizo na kitu kilekile hupunguza kupeleka ishara. Toka nje kidogo, upigwe na upepo, ukirudi harufu nayo imerudi. Kwa hivyo ni uchovu wa muda wa kiungo, na hakuna ulichojifunza.

Honi si hivyo. Honi inalia, inanyamaza, na katikati sikio linapata muda wa kutosha kupumzika. Isitoshe, ungeenda Voi siku tatu ukarudi, honi zingekusumbua labda usiku mmoja, wala si mwezi mzima kama mwanzo. Maana yake kuna kitu kimewekwa akiba kichwani. Hiyo ndiyo tunaita mazoea, na katika saikolojia mazoea yanahesabiwa kuwa aina ya kujifunza, tena iliyo sahili kuliko zote. Watu wakisikia neno "kujifunza" hufikiria ubao na chaki. Kumbe kujifunza kwa kwanza kabisa kwa kiumbe chochote ni kujua ni kipi cha kupuuza.

Na kiumbe chenyewe hakihitaji kuwa na akili nyingi. Eric Kandel, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000, alitumia miaka mingi akimchunguza konokono mmoja wa baharini asiye na kome la kujifichia, aitwaye Aplysia. Alimchagua kwa sababu ana seli za neva kama 20,000 tu (sisi tuna kiasi cha bilioni 86), na baadhi ya seli hizo ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukimgusa bomba lake la kupitishia maji, anakunja matamvua yake haraka kujikinga. Mguse tena na tena taratibu bila kumdhuru, anaanza kukunja kidogo kidogo, mwisho hajali. Kandel na wenzake walionyesha mahali hasa penye badiliko: ile seli inayopokea mguso inapunguza kemikali inayomwaga kwa seli inayoamuru msuli. Ngozi inahisi vilevile na msuli una nguvu zilezile. Kilicholegea ni kiungo baina ya hizo seli mbili. Na akiguswa hivyo siku kadhaa mfululizo, mazoea hayo hudumu kwa majuma.

Sasa geuza. Konokono yuyo huyo ukimpiga na umeme kidogo mkiani, mguso mwepesi uliokuwa hautishi unamfanya ajikunje kwa nguvu kuliko siku ya kwanza. Hili nalo unalijua bila mimi kukueleza. Mtaani akiingia mwizi usiku mmoja, wiki nzima inayofuata paka akiruka juu ya mabati unakaa kitako kitandani. Ubongo unaweza kufunzwa kupuuza na unaweza kufunzwa kushtuka, na mara nyingi hautuombi ruhusa kwa lolote kati ya hayo mawili.

Nije kwenye feni, ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya niichague barua yako. Mtu angesema uliamka kwa joto. Usimkubalie. Joto la Mombasa ni kali, lakini chumba hakipashi moto kwa sekunde moja, na wewe umesema uliamshwa na kimya. Huko Moscow, katikati ya karne iliyopita, Evgeny Sokolov alikuwa akichunguza ule mshtuko mdogo tunaopata jambo jipya likitokea: kichwa kinageuka, mapigo ya moyo yanabadilika, ngozi inatoa kijasho kidogo. Alikuwa akimsikilizisha mtu sauti moja tena na tena mpaka mshtuko ukaisha. Halafu akaikata sauti ile mapema kuliko kawaida. Mshtuko ukarudi, na ukarudi palepale ambapo sauti ingepaswa kuendelea na haikuwapo. Yule mtu alishtuliwa na kitu kisichokuwepo.

Kutokana na hapo Sokolov alisema ubongo unajitengenezea ndani yake mfano wa hali ilivyo, kisha kila kinachoingia unakilinganisha na mfano huo. Mfikirie karani wa bandari ya Kilindini mwenye hati ya meli mkononi. Kontena zinashuka, namba zinalingana na hati, anaweka alama, hasemi kitu. Atakayemfanya ainue kichwa ni kontena lisiloandikwa, au lililoandikwa lisiposhuka. Mngurumo wa feni umo kwenye hati yako ya usiku. Honi zimo. Feni iliponyamaza, hesabu haikutimia, ukaamshwa. Mgeni wenu naye hati yake haina honi hata moja, ndiyo maana asubuhi analalamika. Si kwamba ana masikio makali kukushinda.

Tena mgeni huyo ana tatizo la pili. Mwaka 2016 Masako Tamaki, Yuka Sasaki na wenzao walichapisha utafiti kuhusu watu wanaolala mahali pageni usiku wa kwanza. Walikuta kwamba katika usingizi mzito upande mmoja wa ubongo, wa kushoto, haukuzama sawasawa na mwenzake, na ulikuwa mwepesi zaidi kushtuka kwa sauti ngeni. Walipolala tena pale siku nyingine, tofauti ile ikatoweka. Pomboo na baadhi ya ndege hulala nusu ubongo kwa nusu. Sisi hatufikii hapo, lakini ugenini tunabakisha kidogo. Kwa hivyo mgeni akikuambia hakulala vizuri, mpe chai na umsamehe.

Sasa swali lako zito: mtu akilala fofofo, ni nani anayesikiliza?

Wazee walidhani usingizi ni kama kufa kidogo, na wanasayansi wa zamani hawakuwa mbali sana na wazee. Hadi Hans Berger wa Ujerumani alipochapisha mwaka 1929 michoro ya kwanza ya umeme wa ubongo wa binadamu, hakukuwa na njia ya kuchungulia ubongo ukiwa usingizini. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, wakiwa Chicago, wakatangaza kwamba kuna vipindi vya usiku ambapo macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na ubongo unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Hivyo ndivyo vipindi vya ndoto nyingi. Tangu hapo tunajua usingizi una ngazi. Unashuka, unapanda, unashuka tena, kila mzunguko ukichukua kama dakika 90. Usingizi mzito zaidi uko mwanzoni mwa usiku. Kuelekea asubuhi uzito unapungua na ndoto zinarefuka.

Hili linaeleza nusu ya habari ya adhana: muadhini wa alfajiri anakukuta kwenye ngazi za juu, wakati feri ya saa sita usiku inakukuta chini kabisa. Nusu ya pili ni maana. Ian Oswald na wenzake mwaka 1960 waliwalaza watu wakawachezea kanda yenye majina mengi, moja baada ya jingine. Waliolala waliitika zaidi, kwa mawimbi ya ubongo na hata kwa kukunja ngumi kama walivyoagizwa kabla ya kulala, jina lao lilipotajwa kuliko majina ya wengine. Fikiria hapo kilichohitajika. Ili jina lako likushtue na la jirani likupite, lazima kuna sehemu yako iliyosikia majina yote mawili, ikayapambanua, ikajua lipi ni lako, yote hayo ukiwa umelala. Adhana ya alfajiri umeisikia tangu utotoni, na maneno yake yenyewe yanakwambia swala ni bora kuliko usingizi. Ingekuwa ajabu kama ingekupita.

Kwa hivyo nani anasikiliza? Hakuna mtu mdogo ndani yako aliyekesha. Kuna kazi nyingi za ubongo zinazoendelea bila fahamu yako, na fahamu inaletewa baadhi tu ya matokeo. Kwenye usingizi thalamasi inapunguza sana kinachopita kwenda juu. Kuna milipuko mifupi ya mawimbi ya umeme inayotokana na kazi hiyo, na utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watu ambao bongo zao hutoa milipuko mingi zaidi huvumilia kelele vizuri zaidi wakiwa wamelala. Huenda mumeo ni mmoja wao. Sitaki kumtetea, nasema tu huenda.

Wala usidhani uchaguzi huu ni wa usingizini peke yake. Simama kwenye foleni ya wavukaji Likoni saa kumi na moja jioni, uongee na shoga yako. Mazungumzo mia yamekuzunguka, unasikia la kwenu tu. Colin Cherry mwaka 1953 alifanya jambo hilo maabara: sikio hili linaletewa habari hizi, sikio lile habari zile, na mtu aagizwe kurudia maneno ya upande mmoja. Ya upande wa pili watu hawakuweza kueleza karibu chochote, zaidi ya kwamba sauti ilikuwa ya mwanamume au mwanamke. Miaka sita baadaye Neville Moray akaingiza jina la msikilizaji kwenye upande uliopuuzwa, na kama theluthi moja ya watu wakalisikia. Na si masikio tu. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu filamu fupi wakiwataka wahesabu pasi za mpira. Katikati mtu aliyevaa kama sokwe anapita, anajipiga kifua, anaondoka. Nusu ya watazamaji hawakumwona. Mwenye kupenda kusema "nimeona kwa macho yangu" mbele ya hakimu angefaa kuitazama filamu hiyo kwanza.

Kwa nini kuletewa huko kuambatane na hisia ya kuwa mimi ndiye ninayesikia, hilo wanafalsafa na wanasayansi bado wanavutana, na mvutano wao ni mtamu lakini hautakulaza. Tuliache.

Sasa mtoto. Mazoea yanaeleza kwa nini honi imetoweka, hayaelezi kwa nini kikohozi kimekuwa kikubwa. Hapa anaingia Ivan Pavlov na mbwa wake. Mrusi huyu alipata Nobel mwaka 1904 kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula, na katika kazi hiyo aliona mbwa wakidondokwa na mate kabla ya chakula kufika, kwa kusikia tu dalili zake. Sauti isiyokuwa na maana ikitangulia chakula mara nyingi, inakuwa na maana. Robert Rescorla, katika miaka ya 1960, aliboresha jambo hili akaonyesha kwamba haitoshi sauti na chakula kukutana. Sauti lazima itoe habari, yaani ikilia uwezekano wa chakula uwe mkubwa kuliko isipolia. Kinachofunzwa ni kutabiri.

Pima sauti zako kwa kipimo hicho. Feri ikipiga honi, kwako wewe hufuatwa na nini? Hakuna. Ilie isilie, maisha yako ni yaleyale. Rayyan akikohoa, hufuatwa na kilio, na kilio hufuatwa na kunyonyesha, kubadilisha nepi, au homa ya kupima. Kikohozi kinatabiri, kwa hivyo ubongo umekipandisha cheo. Mumeo angekuwa baharia wa ile feri na wewe unamngoja arudi zamu, nakuhakikishia honi ungeisikia, pengine ungejua hata ni feri ipi.

Na kuna gharama yake. Fundi wa rada wakati wa vita alikuwa na tatizo lako hasa: akishtuka kwa kila alama, atatoa kengele za bure; akisubiri uhakika, ndege ya adui itapita. Hakuna njia ya kupunguza makosa ya aina zote mbili kwa pamoja, isipokuwa ishara yenyewe iwe wazi zaidi. Mwenye kuogopa sana kukosa hukubali kengele nyingi za bure. Ubongo wa mama wa kitoto kichanga umechagua upande huo. Naweza kubashiri, ingawa hukuandika, kwamba umeshawahi kutoka bafuni na povu mwilini ukidhani mtoto analia, ukamkuta amelala. Au umeamshwa na paka nje ukaapa ni Rayyan. Hilo si dalili ya kuchanganyikiwa. Kizingiti kimeshushwa makusudi, na maji ya mfereji yakivuma ubongo unachonga kilio ndani yake.

Kuhusu babake, watu watakuambia ni maumbile, mama kaumbwa kuamka. Mimi sikubali kirahisi hivyo. Unyonyeshaji una sehemu yake, kweli, lakini angalia masomo mliyopewa ninyi wawili. Wewe ukisikia kikohozi unainuka, unamchukua, kilio kinakoma: kitendo chako kinazawadiwa kwa kuondokewa na jambo la kero, na kitendo kinachozawadiwa hurudiwa. Yeye akisikia, akingoja kidogo, kilio kinakoma vilevile kwa sababu umeamka wewe! Naye amezawadiwa, kwa kulala. Usiku baada ya usiku amejifunza kwamba kikohozi si habari yake. Mgawie usiku mbili kwa wiki, maziwa yaliyokamuliwa yawe tayari, wewe ukalale chumba kingine. Siku za mwanzo utaamka tu, jizuie usiende. Yeye atafunzwa na mwalimu yuleyule aliyekufunza wewe.

Rayyan mwenyewe, bila shaka umeona, halali kwa shida kwenye kelele za kivukoni. Ulihamia Likoni mimba ikiwa changa, na mtoto tumboni huanza kuitika sauti kama mwezi wa sita hivi. Wajapani wawili, Ando na Hattori, waliwahi kuchunguza watoto wa karibu na uwanja wa ndege wa Osaka miaka ya 1970. Watoto ambao mama zao walihamia pale mapema katika ujauzito walishtuka kidogo sana kwa ndege, kuliko wale ambao mama zao walihamia baadaye. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kufunga mjadala, maana familia zinatofautiana kwa mambo mengi, lakini unaoana na tunachokijua kwingine: mtoto huzaliwa akiwa ameshazoea mengi.

Nisikuache na picha nzuri mno. Kuzoea kelele hakuna maana kelele imeacha kukugusa. Vipimo vya watu waliolala karibu na barabara na viwanja vya ndege vinaonyesha kwamba kuamka kunapungua kwa mazoea, lakini moyo unaendelea kubadilisha mapigo kelele inapotokea, hata kwa mtu anayeapa hasikii. Shirika la Afya Duniani tawi la Ulaya lilipendekeza mwaka 2009 kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Karibu na kivuko cha saa ishirini na nne hilo ni ndoto. Unaloweza ni kuhamisha kitanda upande usiotazama barabara, pazia zito, na dirisha la upande wa barabara lifungwe kama feni inatosha. Kwa masikio yenyewe, hatari kubwa Mombasa si honi ya mbali bali ni ile spika iliyo chini ya kiti cha matatu. Kwa kazi, kiwango kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa muda wa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda salama unakatwa nusu. Seli zile zenye vinyweleo zikifa hazioti tena kwa binadamu, na hapo hakuna mazoea wala mafunzo yatakayokusaidia.

Kwa hiyo usiende kusafishwa masikio kwa ajili ya honi, na usitie kijiti cha pamba ndani, kinasukuma nta mbele. Nenda kliniki ya masikio ukianza kusikia mlio usioisha, au ukiwauliza watu warudie maneno, hasa sauti za wanawake na watoto na herufi kama s na f, au ukilazimika kuongeza redio ambayo wengine wanaona inatosha. Dalili hizo, umri ukienda, huja taratibu hivi kwamba mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Kama nyumbani kwenu kuna mtu mzima anayeitwa kutoka jikoni na haitiki, msisutane. Mpeleke kwa heshima, mwambie unaenda kupimwa wewe na ungependa mfuatane.

Jambo moja la kukuangalia wewe. Kuamka mtoto akikohoa na kurudi kulala ni sawa. Lakini ikiwa mtoto amelala na wewe umekodoa macho gizani ukisubiri akohoe, usiku baada ya usiku, na mchana huna hamu ya kula wala kuongea, au unalia bila sababu, na hali hiyo ikapita wiki mbili, mweleze muuguzi wa kliniki ya watoto siku ya chanjo. Hayo ni matatizo ya kawaida baada ya kujifungua na yana tiba, wala si udhaifu wa imani. Na kikohozi chenyewe kikizidi siku kadhaa, au mtoto akipumua kwa haraka au mbavu zikibonyea, usiandike barua, mpeleke hospitali.

Ukienda Voi kusalimia wazazi, usiku wa kwanza huenda ukakosa usingizi kwa ukimya. Chukua feni yako ndogo, iwashe hata kama hakuna joto.